Pindo Lisilo na Vumbi

Kituo cha afya, 4 Februari

Shemeji yangu fundi,

Natumai umeshapata kona ya kuweka cherehani hapo kwa mwanao, na kwamba mkweo hajaanza kulalamikia vipande vya nyuzi sakafuni. Marehemu dada alivilalamikia miaka yote ya ndoa yenu na hakushinda.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu imetushinda. Juzi tulisalimiana vizuri, tukaulizana hali, halafu kila mmoja akabaki kusikiliza pumzi ya mwenzake mpaka laini ikakatika. Kwenye barua, mtu akinyamaza anakuwa anatafuta neno, basi.

Nimefika na nimepewa chumba cha dada cha kazi. Mwavuli wake bado umening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Hakuna aliyeuondoa, na mimi pia nimeuacha. Ofisi ya afya iliponiteua kushika nafasi yake ya usimamizi nilidhani wanatania. Mimi ni nesi wa wodi, shemeji. Nimezoea kuambiwa cha kufanya nikakifanya vizuri. Sasa wauguzi, mtu wa maabara, wa dawa, wa kadi, wote wananitazama mimi.

Kabla ya kuja tulipelekwa kwenye mafunzo. Mkufunzi alisema huduma ya afya ya umma haiwezi kuendelea kumtegemea msimamizi peke yake. Kila mtumishi ajengewe tabia za uongozi: aseme anachokiona, aamue panapohitaji uamuzi, amsikilize mwenzake, akikosea akiri. Tumepewa bango la kubandika ukutani, na mwezi wa tano watakuja kutazama kama yale maneno yameingia ndani ya watu au yamebaki kwenye bango.

Nimelibandika. Mkunga wetu, mama mtu mzima ambaye kila mtu anamwita Jemadari, alilisoma kutoka juu mpaka chini, akasema gundi ni nzuri, halitaanguka. Wenzake wakaangalia miguu yao.

Kwenye kikao cha asubuhi nauliza, wananyamaza. Nasikia wakati wa dada hawakuwa hivi. Wewe uliishi naye. Aliwezaje? Nikumbushe chochote, hata kiwe kidogo.

Shemejio,
nesi mgeni


Kwa mwanangu, 13 Februari

Shemeji,

Nesi mgeni ndiyo nini? Ukiendelea kujiita mgeni watakuletea kiti cha wageni, ukae, na kazi wafanye wenyewe.

Cherehani ipo karibu na dirisha. Mkwe hajasema neno, ila kila asubuhi anafagia pale kwa nguvu kuliko kwingine, nami nimeelewa.

Unaniuliza dada yako aliongozaje watu. Sikuwahi kuingia kwenye kikao chake hata kimoja. Mimi nilimjua kwa upande wa nguo, kwa hiyo nitakwambia kilichoonekana upande huo.

Alitoka nyumbani mapema kuliko wenzake wote. Akifika kituoni anashika ufagio na kufagia kibaraza chote cha mbele, yeye mwenyewe, kabla ya kikao. Najua kwa sababu ya pindo. Kila jioni sare yake ilirudi na vumbi jekundu pindoni, na pindo ndilo lililochakaa kabla ya kola na kabla ya kwapa. Ikabidi nimtilie kitambaa cha ndani kuliimarisha. Nilimwuliza mbona msimamizi mzima anafagia wakati mama wa usafi yupo. Akasema, "Nikiwa na ufagio nawaona watu wanavyofika." Sikumwelewa, nikaendelea kushona.

Jambo jingine, chai yake aliitia sukari kidogo sana, lakini aliikoroga kwa muda mrefu kama iliyojaa sukari. Hili halitakusaidia kazini. Nimeliandika kwa sababu limenijia.

Shemejio,
fundi


Kituo cha afya, 2 Machi

Shemeji fundi,

Umenisaidia kuliko mafunzo yote. Barua yako ilipofika niliisoma nimesimama, na kesho yake nikawahi kabla ya mtu yeyote. Ufagio wa kibaraza niliukuta umeegemezwa kwenye nguzo ya mlango wa mbele, umechakaa upande mmoja. Nikauweka chumbani kwangu, nikachukua mpya nilioununua jana yake, nikafagia kibaraza kuanzia dirisha la kadi mpaka ngazi za leba.

Walipoanza kufika walisimama chini ya ngazi kunitazama. Kijana wa kadi alinyoosha mkono kama anataka kunipokea ufagio, nikamwambia asihangaike, mimi nitafagia kila siku, hivi ndivyo dada alivyokuwa akifanya. Akarudisha mkono. Mtu wa maabara, wanayemwita Kimya, na kweli ni kimya, alivua kofia. Jemadari alipita pembeni ya vumbi, akaingia zake ndani.

Tangu siku hiyo nafagia kila asubuhi, kisha naweka ufagio chumbani kwangu na kufungua kikao. Kila nikianza nawakumbusha kwamba ninafuata nyayo za dada. Wananisikiliza kwa adabu sana. Bado hawasemi, lakini nahisi ni heshima. Jemadari alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono wiki zile za mwanzo, hata kama ni kwa kunichokoza. Siku hizi anakaa nyuma anachezea saa yake ya kifuani. Nadhani ni uchovu. Akina mama wamekuwa wengi leba.

Pindo langu limeshapata vumbi. Jana nilikaa kitandani nalitazama, nikalia kidogo, lakini kile kilio kizuri.

Shemejio,
mfagizi mkuu


Kwa mwanangu, 12 Machi

Mfagizi mkuu,

Nilimsomea mkwe barua yako akacheka, akasema angekuwa na msimamizi kama wewe angeomba kazi hapo.

Nakushonea sare mpya. Nitumie vipimo vya kiuno vya kweli, siyo vile unavyovitamani. Dada yako alinidanganya vipimo mara moja tu, kabla hatujaoana, na gauni likagoma kupanda siku ya sherehe ya rafiki yake. Alikaa nalo limefungwa kwa pini mgongoni jioni nzima, akiwa ameegemea ukuta, na watu wakamsifu kwa utulivu wake.

Pindo nitaliwekea kitambaa cha ndani tangu mwanzo, kwa hiyo wewe fagia tu.

Fundi wako


Kituo cha afya, 28 Machi

Shemeji,

Sare imefika na imenikaa. Ningependa nikuandikie habari za sare peke yake.

Jemadari ameomba uhamisho. Aliniambia mlangoni huku amesimama, hakutaka kuketi. Ofisi imesema hawana mkunga mwingine wa kutuletea, na kwa kuwa wauguzi waliobaki hawajaruhusiwa kuzalisha bila mkunga, akiondoka leba itafungwa. Mama mwenye uchungu itabidi apande gari mpaka hospitali kubwa, na wewe unaijua ile barabara ikinyesha. Leba hiyo dada aliidai ofisini kwa miaka. Ikifungwa mikononi mwangu, shemeji, nitaandika barua ya kuachia nafasi siku hiyo hiyo, na sijui nitapitaje mbele ya kaburi lake.

Nikueleze kilichotangulia. Niliitwa ofisini asubuhi, sikufagia, na kikao hakikufanyika. Niliporudi mchana nilikuta mama amejifungua salama, lakini Jemadari sare imemlowa mpaka magotini. Tangi la leba lilikuwa limekauka. Kila mtu alikuwa ameliona tangu asubuhi. Kimya aliliona, kijana wa kadi aliliona, mtu wa dawa aliligonga kwa ngumi akasikia linavyolia tupu. Hakuna aliyepiga simu kuita gari la maji. Jemadari na mama wa usafi walichota kwa ndoo kwa jirani wakati mama anasukuma.

Nilikasirika, nikawauliza mbele ya bango lile kama hata simu mpaka niwashikie. Jemadari ndiye aliyejibu, tena kwa sauti ya chini. "Tulikuwa tunakusubiri wewe. Ufagio si uko chumbani kwako?"

Niliona ananikejeli mbele ya watu, nikamwambia kama ameshindwa kazi aseme. Kesho yake ndipo alipoomba uhamisho.

Kila alichofanya dada ninakifanya. Kwa nini kwake kilikuwa dawa na kwangu ni sumu? Labda ni kweli kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Nisamehe kwa kumwandikia fundi methali hiyo.

Shemejio


Kwa mwanangu, 6 Aprili

Shemeji yangu,

Methali umeiandika, nami nimewahi kumshonea bwana mmoja suruali iliyothibitisha hivyo. Umesamehewa.

Kuna kitu sikukwambia. Nilitaka ubaki na dada yako mwenye nguvu, kwa hiyo nilikupa yule wa miaka ya nyuma na huyu wa mwisho nikabaki naye mwenyewe. Lakini naona nimekupa kitambaa pungufu, ndiyo maana nguo inakubana.

Mwaka wake wa mwisho kazini, pindo lilirudi safi. Mwanzoni siku moja moja, halafu karibu kila siku. Fundi hawezi kukosa kuona jambo kama hilo. Nilidhani amepewa sehemu nyingine ya kazi, nikasubiri aniambie, hakuniambia. Alitoka mapema vile vile na kurudi vile vile, tena akiimba. Alipougua na kutuacha kwa muda mfupi namna ile, ndipo nikaunganisha. Nikasema kumbe nguvu zilishamwisha zamani, hata ufagio ulikuwa umemshinda, akawa ananificha nisihangaike. Ninayo sare yake ya mwisho. Sijaifua. Nimeikunja pindo likiwa ndani ili nisilione, maana kila nikiliona lilivyo safi nasikia kama ananiambia kitu ambacho hakuniambia.

Kwa hiyo hakufagia kila siku, shemeji. Si mpaka mwisho. Na kama yeye hakufagia na kibaraza kilikuwa safi, basi kuna mtu alimfagilia. Huenda ni mama wa usafi, huenda ni mmoja wa hao unaogombana nao. Nakuomba umtafute. Mwambie mume wa marehemu anashukuru. Ni hilo tu ninalolitaka.

Fundi


Kituo cha afya, 19 Aprili

Shemeji fundi,

Kaa chini kwanza. Siyo habari mbaya.

Niliibeba barua yako mfukoni kwa muda, naogopa kuuliza. Mwishowe nikaenda kwa Jemadari, kwa sababu ndiye aliyefanya kazi na dada kwa muda mrefu kuliko wote. Nilimkuta leba anakunja mashuka. Nilimwambia kwamba shemeji yangu anataka kumshukuru mtu aliyemfagilia dada mwaka wa mwisho, alipoishiwa nguvu.

Shuka likabaki hewani. "Nani aliishiwa nguvu?"

Nikasema dada.

"Dada yako mwaka ule tulibeba naye mtungi wa oksijeni kutoka kwenye gari mpaka hapo ulipo, akanicheka mimi ninavyohema. Ugonjwa ulikuja baadaye, ukaja mbiombio, hata yeye ulimshtua. Hakuna aliyemfagilia, mdogo wangu. Alitunyang'anya usingizi, huo ndio ukweli."

Kisha akanieleza, na mimi nakueleza wewe kama alivyosema.

Miaka mingi dada alifagia mwenyewe. Anayefagia kibaraza ndiye wa kwanza kufika, na wote wanapita mbele yake. Anamwona aliyekuja na macho mekundu, aliyekuja anachechemea, aliyechelewa kwa sababu mtoto ana homa. Anaona tangi, anaona foleni, anaona taa iliyoungua. Akiingia kwenye kikao anajua pa kuanzia. Mwaka wa mwisho siku moja dada akampa Kimya ufagio, akamwambia leo fagia wewe, na kikao ufungue wewe, na mpaka jioni kitakachotokea humu uamue wewe. Kimya, shemeji! Mtu ambaye hata majibu ya vipimo alikuwa akiyapitisha chini ya mlango. Jemadari anasema siku ile alifungua kikao kwa kukohoa, akakifunga kwa kukohoa. Lakini ilipofika zamu yake tena, akasema sentensi mbili. Baada ya hapo ufagio ukawa unazunguka, wa kadi, wa dawa, mama wa usafi, wauguzi. Anayeushika leo jioni anauegemeza kwenye nguzo ya mlango, na wa kesho anaukuta pale. Dada alikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Mtu akikwama na kumtazama, dada anainama kufunga viatu. Jemadari anasema viatu vyenyewe havikuwa na kamba.

Sasa umeelewa nilichofanya. Wiki za mwanzo nilikuta kibaraza kimeshafagiwa, sikuuliza na nani. Siku nilipowahi nikaukuta ufagio kwenye nguzo unamsubiri mtu wa siku ile, nikaubeba na kuufungia chumbani kwangu. Kijana wa kadi alinyoosha mkono kwa sababu ilikuwa zamu yake. Na siku ya tangi, mwenye ufagio nilikuwa mimi, nami sikuwepo. Jemadari hakunikejeli. Alinijibu.

Nilimwuliza kwa nini hawakuniambia. Akanyoosha shuka lililokwisha kunyooka.

"Kila ulipoushika ufagio ulisema hivi ndivyo dada alivyofanya, na macho yako yalikuwa yamejaa maji. Nani angesimama amwambie mfiwa kwamba hamjui marehemu wake? Tukasema labda ndiye anayemjua zaidi, kumbe marehemu alitupa zamu kwa kutuonea huruma tu, na ndugu yake amekuja kuzichukua. Mimi ndiyo nilichoka hapo. Sikuchoka kazi."

Nikakaa juu ya mashuka yake safi na hakunifukuza.

Jioni ile niliutoa ufagio chumbani, ule wa zamani, uliochakaa upande mmoja, nikauegemeza kwenye nguzo. Asubuhi nilifika nikaenda moja kwa moja kwenye benchi la mwisho. Nilisikia watu wakifika, wakisimama, wakinong'ona. Ufagio haukusikika. Nilitamani kunyanyuka, nikaanza kufunga viatu vyangu. Vina kamba, nashukuru. Nilivifunga na kuvifungua mpaka vidole vikauma, ndipo nikasikia chwaa, chwaa, kibarazani. Alikuwa Kimya. Akaja akasimama mbele na ufagio mkononi, akasema, "Tangi la leba limebaki robo. Nimeshapiga simu, gari linakuja." Akakaa. Kijana wa kadi akasema na taa ya choo cha nje imeungua. Halafu nesi mmoja akasema mtoto wake anaumwa, anaomba kubadilishana zamu. Wakaelewana wenyewe.

Ombi la Jemadari bado lipo ofisini. Nilimwomba msamaha kwa maneno niliyomwambia siku ya tangi, akasema amesikia. Nami sikumbembeleza zaidi ya hapo.

Hiyo ndiyo habari ya pindo, shemeji. Alikuwa mzima, na alikuwa anaimba kwa sababu alikuwa na furaha.

Shemejio


Kwa mwanangu, 27 Aprili

Shemeji,

Nimeisoma. Nimempa mkwe naye aisome, kisha nikamwomba anisomee kwa sauti, nikasikiliza nimefumba macho.

Viatu vile visivyo na kamba nilimnunulia mimi.

Fundi


Kituo cha afya, 18 Mei

Shemeji fundi,

Wageni wa ofisi wamekuja na kuondoka. Mkufunzi alishuka kwenye gari, akamkuta mama wa usafi anafagia kibaraza, akamwuliza msimamizi yuko wapi. Mama wa usafi akamwambia msimamizi yupo, lakini kama ana shida ya leo aseme na yeye. Mkufunzi alicheka, akadhani ni mzaha, mpaka alipoona mama yule anaingia na ufagio wake kufungua kikao. Mama huyo alisema wageni wakae mbele kwa kuwa nyuma kumejaa, kisha akamwuliza Jemadari, mbele ya wageni wote, kama anabaki au anaondoka, maana kuna akina mama wanaotarajia mwezi huu na wanataka kujua waende wapi.

Swali hilo mimi sikuthubutu kuliuliza. Mkufunzi alinigeukia. Nikainama kwenye viatu vyangu.

Jemadari alichezea saa yake ya kifuani. Kisha akasema, "Kesho ni zamu yangu ya ufagio. Sasa nitaondokaje na zamu yangu sijaimaliza?"

Mama wa usafi akamwambia zamu hiyo inazunguka, haimaliziki. Jemadari akasema ndiyo, ameliona hilo. Mchana alipiga simu ofisini kwa kutumia simu ya mezani kwangu, makusudi, ili nisikie. Leba haifungwi.

Mkufunzi aliniuliza njia hii nimeitoa wapi. Nikamwambia ni ya dada, na kwamba nilielezwa na fundi cherehani aliyekuwa hajui anachonieleza. Aliandika kitu, sijui ni nini.

Pindo langu siku hizi linapata vumbi siku yangu tu. Mwavuli bado upo kwenye msumari. Juzi ilinyesha, Kimya akaja kuuazima, nikampa.

Shemejio,
msimamizi


Kwa mwanangu, 29 Mei

Msimamizi,

Umejiita kwa jina lako mwenyewe, na mimi nimeliona kabla ya kusoma kitu kingine.

Ile sare nimeitoa sandukuni. Nimeitandaza mezani karibu na cherehani, nikapitisha kidole pindoni mwote, na kile kitambaa cha ndani nilichomtilia bado ni kigumu kama siku nilipokishona. Hakukihitaji tena na hakuniambia. Labda alitaka nione mwenyewe, labda alisahau tu. Siku hizi naweza kuishi na yote mawili. Nimeikunja upya, pindo likiwa nje.

Asubuhi niliwahi kuamka nikamwomba mkwe ufagio. Alishtuka. Akaniuliza, "Baba, kwani pale kwenye cherehani sifagii vizuri?" Nikamwambia anafagia vizuri mno, ila nataka kuwaona wanavyoamka humu ndani. Akanipa, akaenda kukaa.

Shemejio,
fundi